Sauti Iliyobaki: Maisha ya Pandit D. V. Paluskar

Kila alfajiri, kabla ya aarti ya kwanza, kipaza sauti cha hekalu letu hutoa sauti ya mwanamume mmoja anayeimba taratibu, bila kupayuka na bila haraka, mithili ya mtu anayembembeleza mtoto. Sisi wanachama tumeizoea kiasi cha kutoisikia tena. Majirani zetu ndio wanaoisikia. Miezi michache iliyopita, mzee mmoja anayeuza kahawa karibu na lango letu, Mwislamu mcha Mungu ambaye saa hizo huwa ametoka kuswali, aliniuliza kama mwimbaji yule ataalikwa katika sherehe za maadhimisho ya hekalu. Alisema angependa kumpa mkono. Nilimjibu kwamba mwenye sauti ile alifariki mwaka 1955, akiwa na umri wa miaka 34, kabla mimi sijazaliwa. Mzee alinyamaza kidogo, kisha akaniomba nimsimulie habari zake. Siku hiyo wateja walikuwa wakinisubiri dukani, nikamwahidi siku nyingine. Makala haya ndiyo deni hilo, ninalilipa mbele ya wasomaji wote.

Jina lake kamili ni Dattatreya Vishnu Paluskar, ingawa waliomjua kwa karibu walimwita Bapurao. Alizaliwa tarehe 28 Mei 1921, katika familia ya Kimarathi, huko magharibi mwa India. Habari zake haziwezi kueleweka bila kwanza kueleza habari za baba yake, kwa kuwa kila alichokuwa nacho mwana kilitokana na kile alichokitoa baba kwa watu wengine.

Baba yake, Pandit Vishnu Digambar Paluskar, alizaliwa mwaka 1872 katika mji mdogo wa Kurundwad. Akiwa bado mtoto, fataki ya sikukuu ilimlipukia usoni na kuyaharibu macho yake. Kwa kuwa hakuweza tena kusoma kama watoto wengine, alipelekwa Miraj kujifunza uimbaji kwa mwalimu mashuhuri, Balkrishnabuwa Ichalkaranjikar, wa mkondo wa uimbaji wa Gwalior. Zama hizo muziki wa kale wa India uliishi katika majumba ya wafalme. Mwimbaji alikula kwa mkono wa mtawala, na elimu yake aliificha kama mfanyabiashara afichavyo bei ya ununuzi. Mtu wa kawaida, asiye mtoto wa ukoo wa waimbaji, hakuwa na mlango wa kubisha.

Vishnu Digambar aliufungua mlango huo. Mwezi wa Mei 1901 alianzisha mjini Lahore shule ya muziki iliyoitwa Gandharva Mahavidyalaya, isiyotegemea hazina ya mfalme bali michango ya watu na mapato ya maonyesho yake mwenyewe. Miaka michache baadaye, mwaka 1908, alifungua shule nyingine Bombay. Aliwaita watoto wa watu wa kawaida, akawafundisha kwa ratiba na kwa vitabu, na wale walioahidi kuwa walimu akawalisha na kuwavisha kwa miaka mingi bila kuwatoza kitu. Aliwafundisha pia bhajan, yaani nyimbo za ibada za watakatifu kama Tulsidas, Surdas na Mirabai, akaziingiza katika kumbi za muziki mkuu ambako hapo awali hazikupewa heshima kubwa.

Mimi ni mfanyabiashara, nami nakiri kwamba kwa hesabu za dukani mipango ile haikuwa na mwisho mwema. Gharama zilizidi mapato. Jengo la Bombay lilijengwa kwa mikopo, mikopo ikaiva, na katika miaka ya 1920 wadai wakalipiga mnada. Mzee Vishnu Digambar akahamia Nashik, mji mtakatifu ulio kando ya mto Godavari, ambako Ramayana inasema Bwana Rama aliishi wakati wa uhamisho wake. Huko aliishi maisha ya kitawa, akiimba jina la Rama. Msiba mwingine ulikuwa nyumbani mwake. Watoto wake walikuwa wamekufa mmoja baada ya mwingine wakiwa wachanga au wadogo. Aliyebaki ni Dattatreya peke yake.

Baba alianza kumfundisha mwanawe huyo, lakini muda haukutosha. Mwezi wa Agosti 1931 Vishnu Digambar aliaga dunia. Mtoto alikuwa na umri wa miaka 10. Hakuachiwa jengo wala fedha, na elimu ya muziki, ambayo kwa kawaida mtu huhitaji miaka 15 au 20 kuipata, alikuwa ameionja tu.

Hapa ndipo hesabu za yule mzee zilipoanza kusomeka upya. Wale vijana aliowalisha na kuwavisha walikuwa sasa watu wazima, na baadhi yao walikuwa waimbaji wenye majina makubwa nchini India. Vinayakrao Patwardhan alifungua shule yake mjini Pune mwaka 1932. Narayanrao Vyas alikuwa na sifa nyingi, na santuri zake zilinunuliwa kotekote. Kulikuwa na Chintamanrao Paluskar, wa ukoo huohuo, na Mirashibuwa, mzee wa mkondo wa Gwalior. Kwa nyakati mbalimbali watu hawa walimchukua yatima wa mwalimu na kumfundisha. Baba alikuwa amewagawia elimu bila kuweka kitu akiba kwa ajili ya mwanawe, nao wakairudisha kwa mwanawe kwa ukamilifu. Waswahili husema wema hauozi, na sijapata kuona mfano ulio wazi kuliko huu.

Mwaka 1935, akiwa na umri wa miaka 14, Dattatreya alipandishwa jukwaani kwa mara ya kwanza mbele ya umati mkubwa. Ilikuwa katika tamasha la Harballabh mjini Jalandhar, Punjab, linalofanyika karibu na bwawa takatifu la Devi Talab. Tamasha hilo lilianza mwaka 1875 na bado linaendelea. Wasikilizaji wa pale wana sifa ya kujua wanachokisikiliza, tena hukaa kwenye baridi kali ya Desemba hadi usiku wa manane. Kijana yule hakuwaangusha. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1938, aliimba kwa mara ya kwanza katika All India Radio, na mwaka 1944 ikatoka santuri yake ya kwanza.

Majirani zangu wa rika la chini wataniruhusu nieleze santuri za zama hizo zilikuwaje, maana leo muziki uko ndani ya simu na watoto hawajui kwamba uliwahi kuvunjika ukianguka sakafuni. Ilikuwa sahani nyeusi, nzito, iliyotengenezwa kwa lakiri, ambayo ni utomvu utolewao na wadudu wadogo kwenye matawi ya miti huko India. Ilizunguka mara 78 kwa dakika, sindano ikipita juu yake, na kila upande ulibeba dakika 3 na kidogo tu. Njia ya Bombay watu wa pwani yetu waliijua mapema, kwa kuwa Siti binti Saad wa Zanzibar alivuka bahari mwaka 1928 kwenda huko kurekodi taarab. Mwaka huo Dattatreya alikuwa mtoto wa miaka 7, safari ya saa chache tu kutoka pale.

Sasa tafakari ugumu wa kazi yenyewe. Muziki wa kale wa India huimbwa kwa raga. Raga si wimbo, bali ni utaratibu wa sauti wenye njia zake za kupanda na kushuka, sauti zake za kutulia, na mara nyingi saa yake ya siku au majira yake ya mwaka. Mwimbaji huifungua polepole, kama mtu anayewaonyesha wageni nyumba yake chumba kwa chumba, na raga moja inaweza kuchukua saa nzima. Kampuni za santuri zilimpa mwimbaji dakika 3. Hapakuwa na kukata na kuunga kama leo. Ukikosea mwishoni, ulianza tena tangu mwanzo. Waimbaji wengine waliona aibu kukubali, kwa maana ilikuwa kama kumwambia mpishi wa harusi apike pilau ndani ya kikombe. Wengine walikubali, kisha wakakimbia katika dakika zile wakitaka kuonyesha ufundi wao wote kwa mara moja.

Paluskar hakukimbia. Hapa ndipo ulipo ukuu wake, na kila anayesikiliza santuri zake za raga Gaud Sarang, Shri au Tilak Kamod atautambua hata kama hajui jina la sauti hata moja. Alijua nini cha kuacha. Huanza kwa utulivu, akaionyesha raga uso wake kamili katika mistari michache, akapanda mahali panapostahili kupandwa, akarudi nyumbani, na sindano inapofika mwisho wa mfereo msikilizaji haoni kwamba kuna kitu kilichokatwa. Sauti yake ilikuwa tamu na nyofu, maneno yakisikika wazi. Mfanyabiashara anayejua kupakia shehena atanielewa nikisema kwamba watu wawili wanaweza kupewa sanduku lile lile, mmoja akalijaza mpaka likapasuka, na mwingine akapanga vitu vyake hata nafasi ikabaki.

Ufundi huohuo aliutumia katika bhajan, ambazo alikuwa amezirithi kwa baba yake na kwa wanafunzi wa baba yake. Wapo waimbaji wakubwa ambao hutoa bhajan mwishoni mwa onyesho kama mtu anavyotoa peremende kwa watoto wa mteja. Yeye aliziimba kwa uangalifu uleule aliouimbia raga. Iliyo maarufu kuliko zote ni ile ya Tulsidas inayomwelezea Bwana Rama akiwa mtoto mdogo anayejifunza kutembea, njuga zikilia miguuni mwake, huku mama zake wakikimbilia kumdaka. Ndiyo hiyo muuza kahawa wetu huisikia alfajiri. Paluskar huimba neno la kutembea kwa namna ambayo unaona mtoto anayumba, anashika, anayumba tena. Na unapokumbuka kwamba mwimbaji mwenyewe alitoka katika nyumba ambamo watoto wengi hawakuwahi kufikia umri wa kukimbia, wimbo ule hupata uzito mwingine.

Watu wengi wa hapa kwetu, hata wasiojua jina lake, waliisikia sauti yake sinema. Mwaka 1952 ilitoka filamu ya Baiju Bawra, iliyoongozwa na Vijay Bhatt, Mgujarati mwenzetu mwenye asili ya Palitana, na muziki ukatungwa na Naushad. Kilele cha filamu hiyo ni shindano la waimbaji wawili mbele ya mfalme Akbar. Mmoja ni Tansen, mwimbaji mkuu wa baraza la mfalme, na mwingine ni kijana Baiju. Sauti ya Tansen ilitolewa na Ustad Amir Khan, na sauti ya Baiju katika shindano hilo ilikuwa ya Paluskar. Waliimba pamoja katika raga Desi.

Ustad Amir Khan alikuwa Mwislamu, mkubwa wa Paluskar kwa takriban miaka 9, na mtu mwenye daraja la juu sana katika fani. Katika hadithi ya filamu Tansen anashindwa, kwa hiyo mkubwa alitakiwa kuimba upande wa mshindwa ili mdogo ashinde, naye akaimba kwa moyo wote. Jambo jingine ni kwamba bhajan inayopendwa zaidi katika filamu hiyo, ya mja anayetamani kumwona Mungu, ilitungiwa maneno na Shakeel Badayuni, ikatungiwa muziki na Naushad na kuimbwa na Mohammed Rafi, na wote watatu walikuwa Waislamu. Ilikuwa miaka 5 tu tangu India igawanywe, damu ikiwa imemwagika kwa sababu ya dini. Lahore, mji ambamo Vishnu Digambar alifungua shule yake ya kwanza, ulikuwa sasa katika nchi nyingine. Marehemu baba yangu aliiona filamu hiyo hapa mjini pamoja na majirani zake wa Kiswahili, na aliniambia kwamba wakati wa shindano lile hakuna aliyevunja hata karanga.

Mwaka 1955 Paluskar alikuwa katika ukamilifu wa uwezo wake. Alialikwa katika matamasha makubwa ya India, alisikika redioni, na mwaka huohuo serikali ilimjumuisha katika ujumbe wa utamaduni uliozuru China. Wajuzi walimtazama kama mtu ambaye miaka yake bora ilikuwa mbele. Mwimbaji wa muziki huu hukomaa taratibu, na wengi huhesabiwa kuwa vijana hata wakiwa na miaka 40. Kisha ghafla akapatwa na ugonjwa wa kuvimba ubongo, na mwishoni mwa Oktoba, katika siku za sikukuu ya Dussehra, akafariki dunia mjini Bombay. Baba yake alipoondoka alimwacha na umri wa miaka 10. Yeye naye aliondoka kabla ya kupata muda wa kulea kizazi cha wanafunzi kama alivyofanya baba.

Zilibaki sahani za lakiri. Baadaye kanda za redio na za maonyesho zikakusanywa, zikatolewa kwa santuri ndefu, kisha kaseti, kisha simu. Aliyefariki akiwa na miaka 34 ameimba miaka mingi zaidi baada ya kufa kuliko alivyoimba akiwa hai. Nyumbani kwetu baba alikuwa na santuri zake mbili, amezifunga kwa kitambaa cha pamba, na sisi watoto hatukuruhusiwa kuzigusa. Moja ilipasuka tulipohama nyumba. Baba aliitunza vivyo hivyo, vipande viwili, mpaka alipofariki.

Lakini kuna jambo ambalo santuri haiwezi kulifanya, na ndilo lililonifanya nichague habari hizi kwa ajili ya kitabu chetu cha kumbukumbu. Santuri humpa mtu sauti, wala haimsahihishi anapokosea. Nilipokuwa na umri wa miaka 11, mzee mmoja wa hekalu letu, aliyepiga harmoniamu katika bhajan za Jumamosi, alijitolea kutufundisha watoto bila malipo. Nilikwenda mara tatu. Mara ya nne nilibaki dukani, kisha sikurudi, kwa kuwa niliona kwamba nyimbo zote zile tayari zilikuwa katika santuri na hapakuwa na haja ya kujichosha. Wenzangu wengi waliona vivyo hivyo. Mzee yule amekwisha kufariki, na nyimbo alizokuwa nazo kichwani, zile ambazo hakuna kampuni iliyozirekodi, amekwenda nazo. Leo nina umri wa miaka zaidi ya 60, nami siwezi kuongoza bhajan moja mpaka mwisho bila kutazama simu.

Nikimfikiria Bapurao akiwa na miaka 10, namwona mtoto ambaye pia angeweza kuishia hapo. Wakati ule santuri za Narayanrao Vyas zilikuwa sokoni tayari. Angepewa hizo na kuambiwa ajifunze mwenyewe. Kilichomfanya kuwa Paluskar ni kwamba watu wazima kadhaa, wenye kazi zao na familia zao, walikaa naye sakafuni siku baada ya siku, wakimrekebisha sauti moja baada ya nyingine, kwa sababu mtu fulani aliwahi kukaa nao vivyo hivyo. Santuri zilikuja baadaye.

Kwa hiyo, ndugu wanachama, mtakaposoma katika ukurasa wa matangazo kwamba darasa la bhajan la watoto limeanzishwa tena kila Jumamosi saa kumi jioni, msilipite tangazo hilo. Walimu ni wawili, wamejitolea, na tabla imepatikana. Kinachokosekana ni watoto, na watoto hawaji wenyewe, huletwa. Majirani zetu nao wanakaribishwa, kwa maana sauti haijawahi kumuuliza mtu dini yake.

Kuhusu mzee wangu muuza kahawa, nimekwisha kumwambia kwamba mgeni aliyemtaka hatafika. Nimemwalika aje yeye. Siku ya maadhimisho watoto sita wa darasa hilo wataimba ile bhajan ya njuga za mtoto Rama, kwa midomo yao, bila kipaza sauti. Pengine watakosea mahali. Amekubali kuja, na ameniahidi kwamba kahawa ya siku hiyo ni juu yake.

Hari Om.